Nani Kaingizwa Mjini? Kweli na Si Kweli Kuhusu Watu Wanaonaswa na Maneno

Ndege imeanguka mpakani Tunduma. Mkia umebaki Tanzania, kichwa kimelala Zambia. Manusura wazikwe upande gani?

Maswali ya namna hii hayakosi kijiweni. Yanapigwa Mwanjelwa, Mbeya, kwa vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Yanapigwa Miyomboni, Iringa, na ndani ya mabasi kati ya Makambako na Mafinga, pale baridi inapowabana watu na safari bado ndefu. Anayeulizwa hukuna kichwa, hutaja sheria za uhamiaji, huuliza abiria walikuwa raia wa wapi. Wenzake humwacha afike mwisho, ndipo kicheko kinalipuka: tangu lini mtu aliyenusurika akazikwa? Basi, siku hiyo ana jina. Ameingia kingi. Ameingizwa mjini. Amepigwa changa la macho.

Kuhusu watu wanaonaswa hivi husemwa mengi, na sehemu kubwa husemwa kwa dharau: hawana akili, ni washamba, wamezoea kuamini kila kitu. Nimeyachukua madai hayo na kuyapima moja moja, kwa kuwa naona dharau hiyo inawaumiza wasio na kosa na kumfichia njia tapeli wa kweli.

"Anayenaswa na mtego wa maneno hana akili."

Si kweli, na hili limepimwa.

Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Erickson na Mattson, walichapisha matokeo ya swali moja fupi: Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina katika safina? Wengi walijibu bila kusita: wawili. Watu hao walijua fika kwamba safina ilikuwa ya Nuhu. Tena walikuwa wameambiwa mapema kuwa baadhi ya maswali yangekuwa na kasoro, na kwamba wakiiona waitaje. Bado wakapita juu yake. Mtu yeyote aliyekaa madrasa au aliyefundishwa dini Jumapili anaijua habari ya Nuhu, na mtu huyohuyo ukimuuliza ghafla atakuambia wawili.

Sababu ni kwamba msikilizaji hapimi kila neno kwa mizani. Anashika mwelekeo wa habari, na palipo na ufa anauziba mwenyewe kimyakimya, akidhani msemaji ameteleza kidogo tu au hakuteleza kabisa. Musa na Nuhu wote ni watu wa kale wa vitabu vitakatifu, na habari za wote wawili zina maji mengi. Jina moja likikaa mahali pa jingine, sikio halishtuki. Mwaka 1990 van Oostendorp na de Mul walijaribu kumweka Adamu mahali pa Musa, na waliogundua kosa wakaongezeka, maana Adamu yuko mbali zaidi na gharika. Mtego hufanya kazi pale neno la uongo linapofanana na jirani zake. "Manusura" ni neno la habari za ajali, kama vile "mabaki" na "majeruhi". Ndiyo maana linapita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho. Swali la ajali ya ndege na manusura lenyewe lilipelekwa maabara na Barton na Sanford, nchini Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 1993. Walionaswa huko walikuwa wengi vilevile.

Kama bado unaamini hii ni dalili ya kichwa kizito, jaribu hili. Daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100. Daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni bei gani? Jibu linaloruka mdomoni ni 100, na si sahihi. Kalamu ni shilingi 50, daftari 1,050. Shane Frederick alitumia swali la mfumo huu pamoja na mengine mawili kuwapima watu zaidi ya 3,400, akachapisha mwaka 2005. Hata katika chuo cha MIT, ambako huingii bila kuwa hodari wa hesabu, waliopata yote matatu hawakufika nusu.

Kwa hiyo aliyepanga makaburi ya manusura kijiweni alifanya kile ambacho kila msikilizaji mwema hufanya: alimwamini aliyesema, akaharakisha kumsaidia. Bila tabia hiyo mazungumzo yasingewezekana. Tungekaa tunahakiki kila kirai kama makarani, na salamu ya asubuhi ingemalizika jioni.

"Ukishaujua mtego, hunaswi tena."

Kweli kidogo, na kwa mtego uleule tu.

Kila mtoto wa shule anajua kwamba kilo moja ya pamba na kilo moja ya chuma zina uzito sawa. Sasa muulize aliyejizatiti: kati ya kilo moja ya chuma na kilo mbili za pamba, ipi nzito? Atajibu kwa majivuno, "Sawasawa!" Amenaswa na kile alichokijua. Watoto huliona hili mapema kwenye mchezo wa "nyama". Kiongozi anataja ng'ombe, mbuzi, kuku, na wenzake wanaruka wakiitikia. Anapochomeka kitu kisicholiwa, miguu ya wengine imeshaondoka ardhini. Wanaoupenda zaidi mchezo huo ni wale wanaoujua vizuri.

"Watu wa Nyanda za Juu Kusini ni wepesi kudanganyika kwa sababu ni wepesi kuamini."

Si kweli, na dai hili limebeba makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba anayeamini watu ndiye anayedanganyika. Julian Rotter, mwanasaikolojia wa Marekani, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1980 alieleza kwamba wenye imani kubwa kwa wenzao hawakuwa wepesi kulaghaiwa kuliko wenye shaka. Tena wao wenyewe walielekea kusema uongo mara chache. Mwaka 2010 Carter na Weber wakaenda mbali zaidi. Waliwaonyesha watu mahojiano ya kazi yaliyorekodiwa, ambamo baadhi ya waombaji walikuwa wakidanganya. Waliowaamini watu kwa kawaida ndio waliowatambua waongo vizuri zaidi. Nadhani sababu si ngumu kuiona: asiyemwamini mtu hakai na watu, na asiyekaa na watu hajifunzi sura ya uongo.

Na hakuna anayepaswa kujivuna hapa. Bond na DePaulo walikusanya tafiti zilizohusisha watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kutofautisha ukweli na uongo kwa kusikiliza au kutazama tu. Matokeo waliyotoa mwaka 2006: walipatia asilimia 54. Ukirusha sarafu unapata 50. Wale ambao kazi yao ni kuwahoji waongo hawakufanya vizuri zaidi ya raia wa kawaida. Mjanja wa Kariakoo anayemcheka mgeni kutoka Tukuyu anaishi ndani ya asilimia hizohizo.

Kosa la pili linanigusa zaidi, kwa sababu linafuta historia. Eneo hili limewafunza watu wake mchezo wa maneno kwa vizazi. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi kati ya Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kinaeleza kwa kirefu vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga na kuishi pamoja. Walichokithamini huko ni *ukwangala*, yaani kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza na kufurahi nao. Kwao hekima ilipatikana humo, kwa mtu kubishana na walio sawa naye. Kijana aliyekua kwenye baraza la namna hiyo amenaswa na kunasa mara nyingi kabla hajaoa.

Upande wa Iringa kuna utani. Wahehe na Wangoni walipigana vikali katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo ni watani. Mngoni anaweza kumwambia Mhehe maneno ambayo yakitoka kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi, na Mhehe hujibu kwa kuongeza chumvi badala ya kukunja uso. Hata msibani mtani ana nafasi yake. Anaweza kuzuia shughuli hadi apewe chochote, anaweza kumuiga marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa hucheka huku machozi hayajakauka. Wanazuoni wa nje waliliona hili zamani. Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940. Sijui chuo kingine kinachofundisha vizuri zaidi namna ya kudhalilishwa kidogo na kubaki mzima.

Hapa ndipo lilipo lile dai kwamba Wahehe hula mbwa. Kila Mhehe aliyewahi kufanya kazi nje ya Iringa ameulizwa kama leo amepita buchani au amemfuata mbwa wa jirani. Huo ni utani, na Wahehe wengi huujibu kwa kumkaribisha muulizaji chakula cha jioni. Mgeni anayesikia mazungumzo hayo akaondoka na kuyasimulia kama taarifa ya mlo wa Iringa, huyo ndiye aliyenaswa, na hakuna aliyemtegea.

"Kuna pombe inayodondoka kutoka kwenye mianzi."

Kweli.

Mgeni anayefika Iringa au Njombe wakati wa masika na kuambiwa hivi hutabasamu kama mtu aliyeshtukia mchezo. Pombe hupikwa, hukorogwa, huvundikwa, haidondoki. Lakini ulanzi hugemwa hivyohivyo. Chipukizi changa la mlanzi hukatwa kileleni mvua zinaponyesha, chombo kinatundikwa, utomvu unadondoka. Mgemaji hurudi asubuhi na jioni kukata upya kipande chembamba ili utomvu usizibe. Ukiwa mbichi ni mtamu na watoto huonjeshwa. Baada ya saa kadhaa huanza kuchacha wenyewe, na ukilala siku moja au mbili unapanda kichwani.

Linganisha na kilichotokea Uingereza tarehe 1 Aprili 1957. Kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha familia ya Uswisi ikivuna tambi kutoka kwenye miti, huku Richard Dimbleby, mtangazaji aliyeheshimika sana, akisimulia kwa sauti ya kawaida ya taarifa. Mamia ya watazamaji walipiga simu, na baadhi walitaka kujua nao wapandeje mti wa tambi. Waingereza wengi wakati huo walikuwa hawajazoea tambi mezani. Walijua tu kwamba chakula fulani cha kigeni kinatoka kusini, na kusini vitu huota juani.

Yule wa Uingereza aliamini jambo la uongo, yule mgeni wa Iringa akakataa jambo la kweli, na wote wawili walifika ukingoni mwa wanachokijua. Hapo mtu hana cha kushika isipokuwa sauti ya anayesimulia. Wa kwanza tunamcheka kila mwaka. Wa pili hachekwi, kwa kuwa mwenye shaka huonekana mwerevu hata anapokosea.

"Hadithi za wawindaji ni fiksi tupu."

Si kweli, na Mbeya na Iringa zina ushahidi wa pamoja.

Mwanzoni mwa 2003 wahifadhi waliokuwa wakifanya kazi chini ya Mlima Rungwe, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakizungumza na wawindaji kuhusu wanyama wa msituni. Baadhi ya wawindaji walimtaja kima mwenye haya aitwaye kipunji. Maelezo yao yalipishana. Isitoshe, masimulizi ya Wanyakyusa huwachanganya wanyama wa msituni na wanyama wa ngano, na mgeni hawezi kujua yupi ni yupi. Ingekuwa rahisi kabisa kutabasamu na kufunga daftari, kwa kuogopa kuwa wale wageni waliodanganywa na wazee wakiwa wanavuta kiko.

Hawakufunga. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamemwona. Julai 2004, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, watafiti wengine wakiongozwa na Trevor Jones walimkuta kima huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Makundi hayo mawili yakachapisha kwa pamoja katika jarida la Science, Mei 2005. Kisha mkulima wa Rungwe akamkuta kipunji amekufa kwenye mtego wa shambani, na vipimo vya vinasaba vya mnyama huyo vikaonyesha kwamba hakuwa spishi mpya tu: alistahili jenasi yake mwenyewe. Mwaka 2006 akaitwa *Rungwecebus*. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu 1923.

Wawindaji walikuwa wamesema kweli muda wote. Sensa iliyotolewa 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu waliobaki duniani, na misitu yao ilikuwa ikikatwa huku wasomi hawajui kama wapo. Kama woga wa kuchekwa ungeshinda, huenda tungempoteza mnyama huyo akiwa bado kwenye orodha ya ngano.

"Mbozi kuna jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni."

Kweli. Kimondo cha Mbozi, chenye uzito wa tani 16 hivi, kipo Ndolezi, katika eneo lililokuwa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa 2016. Hakuna shimo kubwa pale, na hilo huwafanya wageni wengi kushuku. Nendeni mkakiguse.

"Mzaha wa maneno na utapeli ni ndugu."

Si kweli, ingawa wanatumia zana moja.

Tazama ujumbe ambao karibu kila Mtanzania mwenye simu ameupata: *Ile hela itume kwenye namba hii.* Sentensi nzima imeegemea neno "ile". Linadai kwamba kuna hela tunayoijua sote wawili, tuliyokwisha kuizungumzia, na kwamba limebaki jambo dogo la namba. Ni ufundi uleule wa Musa na safina. Mpokeaji anaziba ufa mwenyewe: mzazi mwenye mtoto bweni anafikiria ada, mfanyabiashara wa viazi wa Uyole anayedaiwa na watu watatu anafikiria mmoja wao, mwenye mpunga Mbarali anafikiria gharama za trekta. Aliyeutuma hamjui yeyote kati yao. Kazi ya kutunga uongo anawaachia wao.

Tofauti iko kwenye kinachofuata. Mtani anakunasa mbele yako na anataka ujue, maana usipojua mchezo haujakamilika. Baada ya dakika mbili anakufungua, mnacheka, na zamu yako ya kumtegea inabaki wazi. Kumtegea asiyeweza kujibu, kama mtoto mdogo au mgonjwa, hakuhesabiwi kuwa utani. Tapeli anataka usijue kamwe. Hakufungui, hana zamu ya kukupa, na anamtafuta hasa yule asiyeweza kujibu. Kwa hiyo msimweke yule kijana wa swali la manusura kwenye kapu moja na mwizi. Yeye amewapa watu kumi kwenye basi mazoezi ya bure ya kusikiliza mara ya pili.

"Aliyenaswa afadhali anyamaze."

Si kweli, na kati ya madai yote hili ndilo lenye gharama kubwa.

Kijiweni aliyenaswa hawezi kunyamaza. Anasema, "Haya, mmenipata," na kesho anarudi na lake. Lakini mtu huyohuyo akituma laki mbili kwa "ile hela", anameza, hata mke au mume haambiwi. Anaogopa kuitwa asiye na akili, yaani lile dai la kwanza, ambalo tumeona si kweli. Ukimya wake ndio unaomruhusu tapeli kutuma ujumbe uleule kwa nyumba inayofuata.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kampuni za simu wameanzisha kampeni ya Sitapeliki kwa ajili hiyo. Ujumbe wa namna hii hutumwa kwenda 15040, na ukipiga *106# unaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Hela ikishatoka, piga simu mara moja kwa mtandao wako, maana kila dakika inayopita inamsaidia aliyeipokea. Kisha waambie jirani zako neno kwa neno ujumbe ulivyoandikwa, kwa sauti ileile mnayotumia kusimulia nani leo amewazika manusura. Wao pia wana watoto bweni.